Mkono Kabla ya Sindano

Mafundi cherehani tunaumwa sehemu zilezile. Shingo kwa nyuma, pale inapoungana na mabega. Chini ya makombe ya mabega. Halafu kiuno, zaidi upande wa mguu unaokanyaga. Katika vyumba vya ushonaji mjini Unguja mazungumzo ya maumivu hayaishi, na siku hizi yamegawanyika pande mbili. Wapo wanaosema hakuna kama kuchuliwa, na wapo wanaosema nenda kwa Mchina ukachomwe sindano. Mimi nimepita kote kuwili. Nimelala kwenye mkeka nikachuliwa na bibi yangu mzaa mama, aliyekuwa mchuaji kijijini kwetu Pemba, na nimelala kwenye kitanda cha hospitali nikiwa na sindano kiunoni na nyuma ya magoti. Kila nikisikia ubishi huu naona watu wanabishania kifaa, na jambo lenyewe wanaliacha chini.

Bibi alichua kwa mafuta ya nazi aliyoyapika mwenyewe, akiyatia matone machache ya mafuta ya makonyo yatokayo kiwandani Wawi, karibu na Chake Chake. Makonyo ni vile vikonyo vinavyobaki karafuu ikishachambuliwa. Mafuta yake, kama ya karafuu yenyewe, yana eugenoli, kitu kilekile ambacho madaktari wa meno hukitumia kutuliza jino. Ukipakwa unahisi joto, halafu ngozi inakufa ganzi kidogo, halafu maumivu yanasogea kando. Kwa hiyo watu wengi waliamini nguvu yote imo chupani. Walikuja na vichupa vyao wakaomba watiliwe, wakajichue nyumbani. Bibi aliwatilia bila kinyongo. Lakini mimi niliyekuwa nikimshikia bakuli niliona kwamba nusu ya kazi yake ilikuwa imekwisha kabla mafuta hayajafunguliwa.

Alianza na mkono mkavu. Kwanza alimwambia mtu atembee mpaka mlangoni na kurudi, ainame, ageuke. Huku anamuuliza: ulianza kuumwa ukifanya nini? Ukilala panapoa au ndipo panapozidi? Mguu una ganzi? Unakojoa vizuri? Maswali hayo aliyauliza kwa sauti ya mtu anayeulizia habari za nyumbani, na watu walimjibu mengi kuliko aliyouliza. Kisha alimlaza kifudifudi, akampitishia kiganja kutoka shingoni hadi kiunoni, taratibu, bila kuzungumza. Nilipomuuliza kwa nini hapaki mafuta mapema alinijibu, "Mafuta huficha, mjukuu wangu." Mkono mkavu husikia panapochemka na pagumu. Ukishatia mafuta pote panateleza sawa.

Msimu wa karafuu ndio uliomletea watu wengi. Wachumaji hushinda juu ya mikarafuu, mkono mmoja umeshika tawi na mwingine unavuta vichala, mguu umekunjwa kwenye panda, na jioni hurudi mabega yamekakamaa. Hao aliwachua wote. Lakini aliyeanguka mkarafuuni hakumgusa, hata alie vipi. Huyo alipelekwa kwanza hospitali ya Abdulla Mzee, Mkoani, akapigwe picha. Hospitali hiyo imekuwa na madaktari wa Kichina kwa miaka mingi. China ilianza kuleta madaktari Zanzibar mwaka 1964, na wanatoka jimbo la Jiangsu, kundi baada ya kundi, mpaka leo. Bibi, asiyejua kusoma hati za hospitali, aliwaheshimu sana. Hakuwaona kama washindani wake.

Siku moja aliletwa kijana mvuvi na mama yake, kutoka kijiji cha mbali. Mgongo ulikuwa unamuuma kwa muda, na kwao walikuwa wameshamchua wenyewe bila nafuu. Bibi alimpitishia mkono, akafika chini ya makombe, akarudi nyuma, akasimama hapo hapo na vidole viwili juu ya pingili moja iliyokuwa imechomoza kidogo.

"Jioni unapata homa, baba?"

"Napata, bibi."

"Na nguo zimekulegea?"

Kijana akasema mkanda ameutoboa tundu jipya. Bibi akamfunika shuka. "Hapa sipachui. Kesho asubuhi nendeni Mkoani, msingoje."

Mama mtu alikasirika. Walikuwa wametoka mbali, nauli wameitafuta kwa taabu, na kijiji kizima kilikuwa kimewaambia mkono wa bibi hauna mfano. Bibi hakubishana naye. Aliwapa chakula na mahali pa kulala, na asubuhi akawatafutia gari. Yalikuwa maradhi ya kifua kikuu kilichoingia kwenye uti wa mgongo. Vijidudu hula pingili taratibu mpaka zinabonyea, na mtu akikandamizwa pale kwa nguvu anaweza kuumizwa uti wenyewe, akapooza. Dawa zake zipo na zinaponya, zikinywewa miezi yote inayotakiwa bila kuacha. Kijana alipona. Miaka mingi baadaye nilimwona bandarini akibeba tenga la samaki.

Nimelieleza tukio hili kwa urefu kwa sababu ndilo lililonipa kipimo ninachokitumia hadi leo kwa kila anayetaka kuushika mwili wangu, awe na mafuta au sindano. Nataka kujua kipi hatakigusa.

Mimi nilianza kuumwa hasa nikiwa fundi mwenye duka, kipindi cha sare za shule na kile cha Idd vilipokutana. Maumivu yalianzia kiunoni, yakashuka tako la kulia, yakafuata mguu mpaka ukanda wa nje wa wayo. Bibi alikuwa ameshafariki. Nikaelekezwa kwa mkandaji wa mjini aliyesifiwa sana. Hakuniuliza hata jina. Alinigusa kiuno, akatangaza kwamba diski imetoka na yeye ataisukuma irudi, akapanda kwa kiwiko halafu kwa goti. Nilitoka pale siwezi kukaa. Baadaye daktari alinieleza kwa kunichorea kwenye karatasi: diski iko ndani, mbele ya mfereji wa uti, nyuma yake pana mifupa na tabaka nene za misuli. Hakuna kidole wala goti linaloifikia na kuirudisha. Inapotuna na kugusa mshipa wa fahamu unaokwenda mguuni, mara nyingi mwili wenyewe huinyonya taratibu, wiki kwa wiki, na mgonjwa husaidiwa kuvumilia muda huo huku akiendelea kutembea. Nani angenilipisha fedha kwa kuniambia hivyo?

Daktari huyo ndiye aliyenituma kwenye chumba cha akupancha.

Aliyenipokea alikuwa daktari mwanamke wa timu ya Kichina, na muuguzi wetu mmoja wa kutafsiri. Nilikwenda nimejiandaa kwa sindano, kumbe kwa muda mrefu hakushika sindano yoyote. Aliniuliza nalalaje na nakaaje kazini, akaniomba nimwonyeshe kwa kiti ninavyokanyaga cherehani. Alitazama ulimi. Kisha alinilaza, akafungua kanga kiasi cha haja tu, akanipitishia kidole gumba pembeni mwa uti wa mgongo, pingili kwa pingili, akisimama, akirudi, akikandamiza na kuachia. Nilijua ninachofanyiwa. Nilikuwa nimekiona tangu utotoni.

Sindano zenyewe ni nyembamba sana, karibu robo ya milimita, hazina tundu na hazitii dawa. Zilitoka katika pakiti iliyofungwa, akaifungua mbele yangu. Kuingia kwake ni mguso mdogo tu, kisha huzungushwa kwa ncha za vidole mpaka unahisi uzito unaosambaa ndani, mzito na mpole, usiofanana na kuchomwa. "Zito?" aliniuliza kwa Kiswahili chake kila mara, na nilipoitikia alihamia pengine. Mbili alizitia nyuma ya magoti, katikati ya kikunjo, mbali kabisa na mahali nilipokuwa naumwa. Kwa Wachina hiyo ni sehemu mashuhuri ya kutibu kiuno. Akawasha taa ya joto juu ya mgongo, akaniacha nilale karibu nusu saa.

Kilichonishangaza ni utulivu. Katika kuchuliwa mwili wako unafanya kazi pamoja na mchuaji: unaguna, unasogea, unasema hapo hapo, unapumua anapokandamiza. Chini ya sindano hufanyi lolote. Huwezi kujigeuza, huwezi kujibu simu, huwezi kufikiria oda ya mtu. Kwa mwanamke mwenye duka na watoto, nusu saa ya kulala bila kuitwa ni tiba ambayo hakuna aliyekuwa amewahi kuniandikia. Nilinyanyuka mguu ukiwa mwepesi. Maumivu yalirudi usiku, lakini yalirudi yamepungua, na baada ya kwenda tena na tena nikaanza kupanda ngazi bila kushika ukuta.

Je, ni sindano iliyonitibu? Nimesoma kadiri nilivyoweza, na ninaona haki kusema nilichokikuta, hata kama hakiwafurahishi wenzangu wa upande wowote. Mwaka 2001 watafiti wa Seattle, Marekani, wakiongozwa na Daniel Cherkin, walichapisha utafiti uliozikutanisha tiba hizi mbili ana kwa ana. Waliwagawa wagonjwa 262 wa kiuno sugu: baadhi wapate akupancha, baadhi wachuliwe, na wengine wapewe kitabu na video za kujitunza. Baada ya wiki 10 waliochuliwa walikuwa na nafuu kubwa zaidi katika kazi zao za kila siku, na ndio waliotumia dawa kidogo kuliko wote. Baada ya mwaka, waliochuliwa bado walikuwa mbele ya wa sindano, lakini hawakuwa mbele ya wale wa kitabu. Wale waliojitunza walikuwa wamewafikia.

Bibi angefurahi na sehemu ya kwanza. Lakini mwaka 2007 ulitoka utafiti wa Ujerumani wenye wagonjwa 1,162, na huko sindano zilishinda vizuri tiba ya kawaida ya dawa na mazoezi: waliopata nafuu walikuwa asilimia 47.6 dhidi ya 27.4. Ila lilikuwepo kundi la tatu, lililochomwa juu juu mahali pasipo na sehemu yoyote ya Kichina. Nalo lilifika asilimia 44.2. Mwaka 2009 Cherkin na wenzake wakaenda mbali zaidi. Wagonjwa 638, na kundi mojawapo halikuchomwa kabisa: liliguswa kwa kijiti cha meno kilichopitishwa ndani ya kijibomba cha sindano, mgonjwa amelala kifudifudi hajui. Walioguswa kwa kijiti walipata nafuu sawa na waliochomwa, na wote wakawapita walioachwa na tiba yao ya kawaida. Kisha mwaka 2011 wakaupima uchuaji wenyewe: kuchua kwa ustadi kwa kutafuta misuli yenye shida, na kuchua kwa kumstarehesha mtu tu. Wagonjwa 401. Aina zote mbili zilisaidia karibu sawa, na zote zikapita tiba ya kawaida.

Wapo wanaosoma matokeo haya wakasema basi yote ni udanganyifu. Siwaungi mkono. Mtu aliyekuwa hawezi kuvaa viatu akaweza hakudanganywa. Ninachokiona ni kwamba katika tafiti tatu za mwisho walioachwa nyuma ni wale waliobaki na tiba ya kawaida peke yake. Kuna njia za mwili pia, si za moyo peke yake. Tangu Melzack na Wall walipoandika mwaka 1965, inajulikana kwamba habari za mguso zinazoingia kwenye uti wa mgongo huweza kuzizuia habari za maumivu zisipande zote kwenda kwenye ubongo. Ndiyo maana mtoto akijigonga goti hulisugua kabla hajalia. Mkono hufanya hivyo, sindano hufanya hivyo, na kijiti cha meno, inaonekana, hufanya kiasi chake.

Nilipojua habari za Sugiyama Waichi niliona jambo hili limekaa mahali pake. Alikuwa Mjapani wa karne ya 17, kipofu, na ndiye anayesifiwa kwa kukieneza kile kijibomba cha kuelekezea sindano ambacho hutumika mpaka leo, na ndimo vilimopitishwa vijiti vya meno katika ule utafiti wa Cherkin. Alianzisha shule za kufundisha vipofu akupancha na uchuaji pamoja, na Japani bado ina wasioona wanaoishi kwa kazi hizo mbili. Kwao hazikuwa tiba za kubishaniwa. Zilikuwa kazi ya mikono ileile, inayotafuta kwanza, halafu inaamua kama patafaa kidole au sindano.

Kwa hiyo mtu akinijia dukani kuniuliza aende wapi, huwa simtajii tiba. Namuuliza kwanza kama aliwahi kuanguka, kama anapata homa au anakonda bila sababu, kama usiku maumivu humwamsha hata akijigeuza vipi, kama mguu unaishiwa nguvu, kama sehemu za siri zimekufa ganzi au mkojo umegoma au unatoka bila taarifa. Mwenye mojawapo ya hayo hospitali, leo. Na kwa hili la mwisho, hata usiku.

Asiye na hayo ana uhuru wa kuchagua, na hapo tofauti zinaanza kuwa na maana. Aliyekakamaa mwili mzima, asiyelala, anayebeba mizigo ya nyumba, namwelekeza kwenye kuchuliwa. Ni rahisi, mafuta yako jikoni, na dada yake anaweza kufundishwa akamchua kila usiku, jambo ambalo sindano haiwezi. Ambaye hata shuka ikimgusa anaruka, kuchuliwa kutamtesa, na huyo sindano za mbali na panapouma humfaa. Vivyo hivyo mwenye kipandauso cha mara kwa mara: uchambuzi wa Cochrane wa mwaka 2016 ulionyesha akupancha hupunguza siku za kuumwa angalau kwa kiasi cha dawa za kinga. Mwenye mguu mmoja uliovimba ghafla na kuuma asichuliwe hata kidogo, kwani inawezekana damu imeganda ndani na ikisukumwa itapanda mapafuni. Mjamzito asikandwe tumbo, na kwenye sindano amwambie daktari mapema kwamba ana mimba, kwa sababu zipo sehemu, kama ile ya katikati ya kidole gumba na cha shahada, ambazo waganga wa akupancha huziepuka. Na anayechomwa begani au kifuani ahakikishe anayemchoma ni mtu aliyesomea, maana sindano ikizama sana pale inatoboa pafu. Pakiti isiyofunguliwa mbele yako, inuka uondoke. Sindano iliyotumika huleta homa ya ini.

Lakini hasira yangu kubwa ni juu ya ahadi. Anayekwambia utapona moja kwa moja kwa kulala mbele yake mara fulani, awe ana cheti cha China ukutani au ana chupa ya mafuta, anakuuzia kitu asichokuwa nacho. Nafuu ya mkono na ya sindano ni ya muda, na muda huo ni wa kutumiwa. Mwezi Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake wa maumivu sugu ya kiuno; maumivu ya kiuno kwa jumla yaliwasumbua watu milioni 619 mwaka 2020. Umo uchuaji, imo akupancha, vyote kwa tahadhari, na pamoja navyo mazoezi na kumwelimisha mgonjwa ajitunze. Daktari wangu wa Kichina hakuusubiri mwongozo huo. Alipokwisha kunitoa sindano alinisimamisha ukutani, akanionyesha namna ya kusukuma nyonga mbele, akamwambia muuguzi anitafsirie kwamba bila hivyo asinione tena.

Nimeinua meza ya cherehani kwa vipande vya mbao, kiti nimekiondoa kile cha plastiki kilichokuwa kikibonyea, na wanafunzi wangu wote nimewawekea sharti. Kila bobini ikiisha uzi, mtu asimame, anyooke, azunguke chumba ndipo aitie nyingine. Mwanzo walinung'unika kwamba nguo zitachelewa. Jioni tukifunga, wawili wawili huchuana mabega kabla ya kuvaa mabuibui, na msichana mdogo kuliko wote, ambaye hilo sikumfundisha mimi, huanza bila mafuta.